Maneno Yaliyotungwa kwa Jicho: Hanja na Homonimu za Kikorea

Katika Kikorea cha leo neno banghwa lina maana mbili zinazopingana waziwazi: ni kazi ya kuzuia moto usizuke wala usienee, na vilevile ni jinai ya kuchoma moto nyumba au mali kwa makusudi. Maneno haya mawili huandikwa sawasawa kwa Hangul, alfabeti ya Kikorea, lakini yakiandikwa kwa alama za Kichina, ambazo Wakorea huziita hanja, la kwanza ni 防火, ambapo alama ya mwanzo ina maana ya kukinga, na la pili ni 放火, ambapo alama ya mwanzo ina maana ya kuachia. Msomaji wa kurasa za michezo hukutana na jambo hilohilo, kwa kuwa neno yeonpae laweza kueleza kwamba timu imeshindwa mfululizo au kwamba imetwaa ubingwa mfululizo, na ni habari nzima, wala si neno lenyewe, inayomjulisha shabiki kama afurahi au ahuzunike.

Lugha zote zina homonimu, yaani maneno yenye umbo moja na maana zisizohusiana, na mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kutofautisha paa la nyumba na paa wa mbugani. Kinachokitenga Kikorea ni wingi wa maneno hayo na utaratibu unaoyazalisha. Zaidi ya nusu ya vidahizo vya kamusi sanifu iliyotolewa na taasisi ya taifa ya lugha ya Korea Kusini mwaka 1999 ni maneno yenye asili ya Kichina, mengine yakiwa yamekopwa kutoka China na mengine yakiwa yameundwa kwa hanja huko Korea au Japani, na maneno hayo yote, kwa makumi ya maelfu, yamejengwa kwa silabi zisizofika 500. Silabi sa peke yake ni usomaji wa alama za nne, kifo, jambo, mwalimu, hekalu, historia, kampuni, mjumbe, mchanga na nyoka, na orodha haiishii hapo. Na kwa kuwa nne na kifo husikika sawa, lifti nyingi za Korea Kusini huonyesha herufi F mahali palipostahili tarakimu 4. Wingi huo haukutokana na uzembe wa wasemaji. Ulizaliwa kwa hatua, kila hatua ikiwa na sababu zake, na chanzo chake kikuu ni kwamba kwa zaidi ya miaka elfu moja maneno hayo yalitungwa ili yasomwe, na sikio halikuulizwa.

Maandishi ya Kichina yaliingia katika Rasi ya Korea pamoja na utawala. Mwaka 108 kabla ya Kristo dola ya Han ya China iliuangusha ufalme wa Gojoseon na kuweka majimbo yake katika rasi, na jimbo la Lelang lilidumu hadi mwaka 313. Ufalme wa Goguryeo, uliolimaliza jimbo hilo, haukuyatupa maandishi ya waliotangulia, kwani mnara wa jiwe wa mfalme Gwanggaeto, uliosimamishwa mwaka 414, umechongwa maneno ya Kichina kitupu. Katika Silla, ufalme uliokuja kuunganisha sehemu kubwa ya rasi, mfalme Gyeongdeok aliamuru mwaka 757 majina ya miji na wilaya, yaliyokuwa ya Kikorea cha asili, yabadilishwe yawe ya mtindo wa Kichina, kwa kawaida ya hanja mbili. Mwaka 788 ukaanzishwa mtihani wa kuwapima watumishi kwa vitabu vya Kichina walivyosoma, na mwaka 958 mfalme Gwangjong wa ufalme wa Goryeo akaanzisha mtihani kamili wa utumishi wa serikali, uitwao gwageo, ambao ulidumu hadi mageuzi ya 1894. Kwa muda huo wote hapakuwa na njia ya mtu kupanda cheo bila Kichina cha maandishi, na lugha iliyozungumzwa nyumbani, shambani na sokoni ilikuwa nyingine kabisa, isiyo na undugu na Kichina katika sarufi wala katika mizizi yake.

Wakorea hawakukisoma Kichina hicho kwa matamshi ya Wachina. Kila alama ilipewa usomaji wa Kikorea, na usomaji huo, kwa sehemu kubwa, unatokana na Kichina cha enzi ya Tang, kati ya karne ya 7 na ya 9. Kichina cha wakati ule kilikuwa na utajiri mkubwa wa sauti: kamusi ya vina iitwayo Qieyun, iliyokamilishwa na Lu Fayan mwaka 601, inatofautisha silabi zaidi ya 3,000, toni zikihesabiwa. Kikorea kiliupokea utajiri huo kwa vyombo vyake chenyewe. Konsonanti za mwisho kilizitunza vizuri kuliko Kichina cha Beijing cha leo, kwa maana nchi bado ni guk na kumi bado ni sip, ingawa t ya mwisho iligeuka kuwa l, hivyo moja ikawa il na nane ikawa pal. Konsonanti za mwanzo ndizo zilizopata hasara.

Hasara hiyo huonekana vizuri katika banghwa. Alama ya kuachia ilianza katika Kichina cha kale kwa konsonanti isiyo ghuna, karibu na p, na ilitamkwa kwa toni ambayo wanazuoni wa China huiita ya kuondoka. Alama ya kukinga ilianza kwa konsonanti ghuna, karibu na b, na ilikuwa na toni nyingine, ile waliyoiita ya usawa. Mchina wa wakati ule alikuwa na ishara mbili za kuzitenganisha. Kikorea hakikupambanua p na b mwanzoni mwa neno, na toni za Kichina hazikuwa na nafasi imara katika mfumo wake. Basi ishara zote mbili zikafutika, na alama zote mbili zikawa bang. Mpumuo pia, yaani ile pumzi inayotoka na konsonanti, ulipokewa kwa mafungu tu, hata leo kh ya mpumuo haipatikani katika usomaji wa hanja isipokuwa katika silabi chache kama kwae, ya alama yenye maana ya furaha na wepesi. Ukizidisha hasara ndogo ya aina hii kwa maelfu ya alama, silabi zaidi ya 3,000 zinaporomoka hadi kuwa chini ya 500.

Hata hivyo kwa karne nyingi hakuna aliyelalamika, kwa sababu maneno hayo yalikaa kwenye karatasi, na kwenye karatasi hayakufanana. Tena shule ya kale ilikuwa na mbinu yake ya kuyalinda. Mtoto hakufundishwa hanja kwa sauti yake tu. Alifundishwa kila alama kwa jina la sehemu mbili, la kwanza likiwa neno la Kikorea cha asili linaloeleza maana, liitwalo hun, na la pili likiwa usomaji wa Kichina, uitwao eum. Kitabu cha Alama Elfu, Cheonjamun, ambacho toleo lake maarufu liliandikwa kwa mkono wa bingwa wa kaligrafia Han Ho na kuchapishwa mwaka 1583, kilikaririwa kwa namna hiyo, mtoto akianza na haneul cheon, yaani mbingu kwa Kikorea kisha mbingu kwa usomaji wa hanja. Mwanaisimu Choe Sejin naye, katika kitabu cha watoto cha 1527 kiitwacho Hunmong jahoe, alipanga alama 3,360 na kuzipa maana na usomaji kwa Hangul. Kwa utaratibu huo su ya maji ni mul su, su ya mkono ni son su, na su ya kichwa ni meori su, na hakuna aliyezichanganya. Huu ni uvumbuzi unaostahili heshima kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida, kwa kuwa uliifunga kila sauti ya kigeni kwenye neno la nyumbani, na bado unatumika hadi leo mtu anapoulizwa jina lake linaandikwaje.

Mfalme Sejong, aliyeunda Hangul mwaka 1443 na kuitangaza rasmi mwaka 1446 ikiwa na herufi 28, hutajwa siku zote kama mtu aliyewapa watu wa kawaida maandishi yao. Ni kweli, na Choe Malli, mwanazuoni wa ikulu aliyempinga kwa waraka mkali mwaka 1444, aliona hatari hasa katika hilo, yaani kuachana na ustaarabu wa maandishi uliounganisha Korea na China. Lakini Sejong alikuwa pia mwanafonolojia aliyesumbuliwa na jinsi Wakorea walivyozisoma hanja. Kwa amri yake wanazuoni wa ikulu walitunga kamusi ya vina, Dongguk jeongun, iliyotolewa mwaka 1448, iliyokusudia kurudisha tofauti zilizopotea kwa kuwapangia wasomaji matamshi sahihi, zikiwamo konsonanti ambazo Mkorea hakuwahi kuzitamka mahali hapo. Yalikuwa matamshi ya kwenye kitabu. Hayakuingia vinywani mwa watu, na kabla karne ya 15 haijaisha vitabu vilianza kurudi kwenye usomaji wa desturi. Amri ya mfalme mwenye elimu kuliko wafalme wote wa nasaba yake ilishindwa mbele ya mazoea ya wasemaji, na tukio hili linafaa kukumbukwa na kila atakayejaribu kuzifuta homonimu kwa tangazo.

Sauti ziliendelea kupungua. Kikorea cha wakati wa Sejong kilikuwa na toni zake chenyewe, ambazo waandishi walizionyesha kwa nukta upande wa kushoto wa silabi, lakini nukta hizo zinatoweka vitabuni kuelekea karne ya 17. Kilichobaki katika matamshi ya sehemu za kati ni urefu wa irabu, ambao ulitenganisha sagwa yenye irabu fupi, yaani tunda la tofaa, na sagwa yenye irabu ndefu, yaani kuomba radhi. Kamusi bado zinauonyesha urefu huo kwa alama ya nukta mbili; vijana wengi wa Seoul hawautamki tena. Muungano wa maneno hayo mawili umezaa hata desturi: tarehe 24 Oktoba huadhimishwa na baadhi ya shule kuwa siku ya sagwa, ambapo wanafunzi hupeana matofaa na kuombana radhi.

Mafuriko makubwa yalikuja karne ya 19. Baada ya mkataba wa Ganghwa wa 1876, Korea ilifunguliwa kwa nguvu mbele ya Japani, na kupitia Japani yakaingia mamia ya maneno mapya ambayo wafasiri wa Kijapani walikuwa wameyaunda kwa hanja ili kutaja mambo ya Ulaya: sahoe kwa jamii, gyeongje kwa uchumi, cheolhak kwa falsafa. Ukoloni wa Kijapani wa 1910 hadi 1945 uliongeza mengine mengi ya sheria, viwanda, jeshi na michezo. Waundaji wa maneno hayo walichagua hanja kwa maana yake na kuyasikiliza kwa masikio ya Kijapani, kama waliyasikiliza kabisa. Kwa Kijapani kuchoma moto ni hōka na kuzuia moto ni bōka. Kushindwa mfululizo ni renpai na kushinda mfululizo ni renpa. Tofauti ni ndogo, lakini ipo. Maneno hayo yalipovuka bahari hayakubeba matamshi ya Kijapani, bali Wakorea waliyasoma kwa eum walizozirithi tangu enzi ya Tang, na tofauti ikafa njiani. Ndiyo maana susang ni waziri mkuu na pia ni kupokea tuzo, na gyeonggi ni mkoa unaouzunguka mji wa Seoul, ni hali ya uchumi, na ni mechi.

Wakati huohuo mambo yalianza kugeuka upande wa maandishi. Amri ya kifalme ya 1894 iliagiza sheria ziandikwe kwa Hangul kama msingi, hanja zikiambatishwa au kuchanganywa, na tarehe 7 Aprili 1896 Seo Jae-pil alitoa gazeti la Dongnip Sinmun lililoandikwa kwa Hangul tupu, likiacha nafasi kati ya maneno, jambo lililokuwa geni machoni pa wasomaji. Jumuiya ya Lugha ya Joseon ilipotoa kanuni za tahajia mwaka 1933 iliongeza, bila kukusudia, kundi jingine la homonimu, kwa kuwa iliidhinisha kuandika maneno kama yanavyotamkwa Seoul, ambako r ya mwanzo katika maneno ya Kichina hudondoka au hugeuka n. Hivyo iseong ikawa akili ya kutafakari na pia jinsia nyingine, mwanamke kwa mwanamume na mwanamume kwa mwanamke. Korea Kaskazini baadaye iliikataa kanuni hiyo, na huko akili ni riseong wakati jinsia nyingine inabaki iseong. Gazeti la chama tawala la Pyongyang huitwa Rodong Sinmun, wakati neno hilohilo la kazi ni nodong kwa watu wa Seoul.

Baada ya ukombozi wa 1945 swali lililokuwa la wanazuoni likawa la serikali. Tarehe 9 Oktoba 1948 Jamhuri ya Korea ilitangaza sheria ya Hangul pekee, iliyotaka nyaraka za serikali ziandikwe kwa Hangul huku ikiruhusu hanja katika mabano kwa muda. Kaskazini iliziondoa hanja katika machapisho mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Kusini ilisitasita: mpango wa serikali ya Park Chung-hee uliotangazwa mwaka 1968 uliziondoa katika vitabu vya shule kuanzia 1970, na miaka miwili baadaye, mwaka 1972, orodha ya hanja 1,800 ilirejeshwa kwa shule za sekondari. Kambi ya Hangul pekee iliongozwa na mwanasarufi Choe Hyeon-bae, aliyefungwa na Wajapani kwa ajili ya kazi yake ya kamusi, ambaye alitaka maneno ya Kichina yenyewe yapishe maneno ya asili popote ilipowezekana. Upande wa pili alisimama Yi Hui-seung wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, aliyefungwa katika kesi hiyohiyo, na aliyeamini kwamba kuondoa hanja ni kuwanyima wasomaji ufunguo wa zaidi ya nusu ya msamiati wao.

Homonimu zilikuwa silaha kuu ya kambi ya hanja. Mfano uliorudiwa zaidi ni wa An Jung-geun, aliyemuua kwa risasi mwanasiasa wa Kijapani Itō Hirobumi katika kituo cha reli cha Harbin tarehe 26 Oktoba 1909, na ambaye Wakorea humwita uisa, kwa maana ya shujaa aliyejitolea kwa haki. Daktari wa hospitali pia huitwa uisa. Mtoto asiyejua hanja, walisema, atadhani shujaa huyo alikuwa tabibu. Hoja hii ina uzito, lakini imebebeshwa zaidi ya inavyoweza kubeba. Mtu hamwelewi shujaa kwa kutazama alama mbili. Humwelewa kwa kusimuliwa alichofanya, na aliyesimuliwa hawezi kumchanganya na daktari. Kama homonimu zingekuwa na madhara yaliyotabiriwa, redio na mazungumzo ya simu vingekuwa havieleweki, kwa kuwa huko hanja hazijawahi kuonekana. Pengo la kweli liko kwingine: msomaji asiyejua kwamba bang moja ni ya kukinga na nyingine ni ya kuachia hatambui kwamba banghwa ya kuzuia moto ni ndugu wa bangsu ya kuzuia maji, na kila neno jipya la kitaalamu humjia kama sauti ya kukariri. Hapo kambi ya hanja ilikuwa na haki, na inasikitisha kwamba ilichagua kupigana kwa hoja yake dhaifu.

Wasemaji wenyewe hawakungoja mabingwa waafikiane. Mara nyingi neno lenye utata hutembea na mwenzake: mchoma moto ni banghwabeom, ambapo beom ni mhalifu, na ukuta wa kuzuia moto ni banghwabyeok, ambapo byeok ni ukuta, neno ambalo sasa hutumika pia kwa programu zinazolinda kompyuta. Matamshi nayo yamejitengenezea tofauti mpya ambazo tahajia haizionyeshi, kwa kukaza konsonanti katika neno moja na kuiacha katika jingine. Gongjeok yenye j iliyokazwa ni sifa ya jambo la umma, na isiyokazwa ni mafanikio yanayostahili sifa. Tena kuna mazoea ambayo walimu huyakemea kama marudio, mfano yeokjeon-ap, yaani mbele ya stesheni, inayotaja mbele mara mbili, mara moja kwa Kichina na mara ya pili kwa Kikorea, au cheogajip, yaani nyumba ya wakwe, inayotaja nyumba mara mbili. Makemeo hayo hayaoni kazi inayofanywa na neno la pili, ambayo ni ileile iliyofanywa na hun katika Kitabu cha Alama Elfu, yaani kuiweka maana ya nyumbani kando ya sauti ya kukopa.

Tangu gazeti la Hankyoreh lianze kutoka mwaka 1988 kwa Hangul tupu na mistari ya kulala, magazeti mengine yamefuata, hanja zikibaki katika vichwa vichache vya habari. Sheria ya msingi ya lugha ya 2005 ilichukua nafasi ya ile ya 1948, na walipoipinga watetezi wa hanja, Mahakama ya Katiba iliamua mwezi Novemba 2016 kwamba sharti la kuandika nyaraka za umma kwa Hangul halikiuki katiba. Ni katika majina ya watu tu ambako alama za kale hazijatikiswa. Ukoo wa Jeong unaweza kuwa wa alama tatu tofauti, na watu wa koo hizo hawahesabiani kuwa ndugu. Tangu mwaka 2007 wenye jina Yu la alama ya mti wa willow wameruhusiwa kujisajili kama Ryu ili wajitenge na wale wenye Yu nyingine. Mzazi anayempa mtoto jina la hanja huchagua katika orodha iliyoidhinishwa na Mahakama Kuu, na kadi ya utambulisho ya raia hulibeba jina hilo kwa Hangul, na hanja zake zikifuata ndani ya mabano.